Steringi Hafi: Udaktari Tunaofundishwa na Tamthilia

Nianze kwa kukiri: mimi ni mpenzi wa tamthilia. Tena siyo wale wa kusingizia kwamba "naangalia tu kwa sababu wenzangu wanaangalia". Naangalia kweli. Nimelia na za Kikorea, nimegombana na televisheni kwa ajili ya za Kifilipino, na zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimenila usiku mwingi ambao ulipaswa kuwa wa tasnifu. Kwa hiyo ukiona nalalamika hapa chini, usinihesabu na wale wanaojisifu kwamba kwao hakuna televisheni.

Tangu nianze uzamili wa fiziolojia nimekuwa nikiishi kwa baba mdogo. Kwake rimoti ilikuwa na zamu. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari, na hapo mwenye nyumba ni yeye: bei ya mafuta, uchaguzi wa Marekani, Simba na Yanga, vyote ana maoni navyo na vyote lazima uyasikilize. Saa tatu rimoti inahamia kwa mama mdogo na tamthilia inaanza. Baba mdogo atasema "upuuzi mtupu huu", halafu habanduki kwenye kochi mpaka majina ya waigizaji yapite yote.

Baba mdogo alifariki mwaka jana. Moyo ulisimama akiwa wodini, siku ya pili baada ya kulazwa. Mama mdogo na mwanawe mkubwa, yaani mdogo wangu, walikuwepo. Waliwaona manesi na daktari mmoja wakipokezana kumkandamiza kifua kwa zaidi ya nusu saa, mpaka jasho linawatoka. Kisha daktari akaangalia saa, akawageukia.

Usiku wa pili wa msiba mdogo wangu alinivuta pembeni. "Kaka, wewe ndiye uliyesoma haya mambo. Kwa nini hawakumpiga shoti? Mashine ilikuwepo pale pale, niliiona kwa macho yangu. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa, na hawakumpiga shoti hata mara moja!"

Haikupita saa moja maneno yakawa yamezunguka turubai zima: wamemwacha afe. Wapo waliosema yule nesi alikuwa anamvunja mbavu badala ya kumtibu. Mjomba mmoja alishaanza kuuliza nani ana pikipiki, waende usiku ule ule wakamtafute. Wazee waliwatuliza, tukazika, watu wakatawanyika. Lakini swali halikuondoka. Mama mdogo alilibeba kwa miezi. Kila mara lilikuwa lile lile: wangempiga shoti, angekuwepo.

Jibu nilikuwa nalijua. Usiku ule sikuweza kulisema likaeleweka, kwa sababu mtu aliyeona kwa macho yake mara mia kwamba mstari ukinyooka watu wanapigwa shoti na wanaamka, huwezi kumbadilisha kwa dakika tano kwenye mkeka wa msiba. Swali lililonibana baadaye ni hili: aliona wapi hiyo mara mia? Mdogo wangu hajawahi kukanyaga wodi ya mahututi kabla ya siku ile. Aliona sebuleni, saa tatu usiku, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake.

Mstari ulionyooka

Tukio lenyewe unalijua. Mgonjwa yuko kitandani, nywele zimechanwa vizuri. Mashine inalia ti, ti, ti. Ghafla tiiiiiii, na mstari unanyooka. Mke anatolewa nje akipiga kelele. Daktari anakamata vile vyuma viwili vya kama pasi, anavisugua, anawaambia wenzake wasogee. Mwili unaruka. Kimya. Anapandisha umeme, mwili unaruka tena. Kimya zaidi. Halafu, taratibu, ti... ti... ti. Muziki. Itaendelea.

Haya, tuingie kwenye moyo wenyewe. Moyo ni msuli unaoongozwa na umeme wake wenyewe. Juu, kwenye chemba ya kulia, kuna kundi dogo la seli zinazotoa mpigo, na mpigo huo unasambaa kwa utaratibu mpaka chini. Fikiria kikundi cha ngoma chenye kiongozi mmoja: yeye anapiga, wote wanafuata, na kwa sababu wanapiga pamoja damu inasukumwa.

Kuna hali ambapo utaratibu huo unavurugika. Kila kipande cha msuli kinapiga kivyake, moyo unatetemeka kama mfuko wenye minyoo, na damu haiendi popote. Wapiga ngoma wote wapo na wote wana nguvu, ila kila mmoja ana wimbo wake. Kwenye mashine hali hii haionekani kama mstari ulionyooka. Inaonekana kama mchoro wa mtoto mdogo aliyepewa kalamu: juu, chini, hovyo hovyo.

Hapo ndipo shoti inapofanya kazi, na kazi yake ni kinyume cha tunavyodhani. Shoti haiwashi moyo. Inaunyamazisha. Inawakatisha wapiga ngoma wote kwa pamoja, kwa nukta moja, ili kukiwa kimya yule kiongozi apate nafasi ya kuanza upya na wengine wamfuate. Ni kama kompyuta iliyogoma: unaizima ili ikiwaka ianze kwa mpangilio.

Sasa mstari ulionyooka maana yake nini? Maana yake hakuna anayepiga ngoma. Kimya tayari kipo. Huwezi kumnyamazisha aliyenyamaza. Ndiyo maana miongozo ya tiba haisemi umpige shoti mtu mwenye mstari ulionyooka. Inasema mkandamize kifua bila kuchoka, mpe adrenalini, na mtafute haraka kilichousimamisha moyo: damu iliyopotea, oksijeni iliyopungua, potasiamu iliyopanda, au kingine kinachoweza kurekebishwa. Kazi ya jasho, isiyo na muziki. Ile ile waliyoifanya manesi wa baba mdogo. Na kuhusu mbavu: ili mkandamizo ufikishe damu kwenye ubongo wa mtu mzima, kifua kinatakiwa kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu kuvunjika ni kawaida, hasa kwa wazee. Mkandamizo laini laini tunaouona kwenye tamthilia, mikono imekunjwa kwenye viwiko, ungekuwa wa kweli usingemsaidia mtu.

Kwa hiyo yule nesi aliyetaka kufuatwa na pikipiki alikuwa ndiye anayefanya jambo sahihi.

Kosa hili halitokani na ujinga wa watunzi. Linatokana na picha. Yule mtoto wa kalamu anaonekana kama kitu chenye uhai, mtazamaji hawezi kuogopa. Mstari ulionyooka unaeleweka na kila mtu, hata bibi ambaye hajasoma. Basi watunzi wakachukua dawa ya ugonjwa mmoja wakaibandika kwenye picha ya mwingine, na dunia nzima ikakariri hivyo.

Steringi anafufuka mara ngapi?

Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Diem, Lantos na Tulsky, walichapisha kazi moja kwenye jarida la New England Journal of Medicine ambayo nadhani ilikuwa raha kuifanya: walikaa wakaangalia televisheni. Walichukua tamthilia mbili za hospitali, ER na Chicago Hope, pamoja na kipindi cha uokoaji cha Rescue 911, wakahesabu kila mara mtu aliposimama moyo na kukandamizwa kifua. Walipata matukio 60. Katika matukio hayo, asilimia 75 ya wagonjwa walizinduka, na asilimia 67 walionekana kupona mpaka kutoka hospitali.

Ulinganishe na maisha halisi. Huko huko Marekani, kwenye ambulensi nyingi na mashine za kila aina, mtu ambaye moyo wake umesimama nje ya hospitali ana nafasi ya takribani 1 kati ya 10 ya kurudi nyumbani akiwa hai. Aliyesimama moyo akiwa ndani ya hospitali ana nafasi nzuri kidogo, kama 1 kati ya 4 au 5. Sisi tulio mbali na mashine hizo tujipigie hesabu wenyewe.

Kuna jambo jingine waliliona ambalo kwangu linauma kuliko zile asilimia. Wengi waliosimama moyo kwenye televisheni walikuwa watoto na vijana, na chanzo mara nyingi kilikuwa ajali au kuumizwa. Wale wanaosimama moyo kweli kweli, watu wa umri wa baba mdogo wenye magonjwa ya miaka mingi, kwenye skrini walikuwa wachache. Televisheni haikudanganya tu kuhusu nani anapona. Ilidanganya pia kuhusu nani anaumwa.

Na usidhani ER ilikosa wataalamu. Aliyeibuni, Michael Crichton, alisomea udaktari Harvard. Utaalamu ulikuwepo. Ila tamthilia ina sheria yake: tukio lazima lizae jibu kabla ya tangazo la biashara. Huku kwetu tangu enzi za mikanda ya video sheria hiyo tunaisema kwa maneno mawili: steringi hafi.

"Ni burudani tu, acha kuichosha"

Najua utasema hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka yote. Nani anaangalia tamthilia ili ajifunze? Watu wana akili zao, wanajua kuigiza ni kuigiza.

Tatizo ni kwamba swali hili lilishapimwa, na moja ya sehemu lilipopimwa vizuri ni hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1993, Bara ikiwa bado haina hata kituo kimoja cha televisheni, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati. Ulizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini haukuwa hotuba. Ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na ulikuwa na mkewe Tunu, ambaye mwisho alichoka akaamua kusimama kwa miguu yake. Mkwaju aliishia pabaya na wasikilizaji waliona akienda huko hatua kwa hatua.

Kilichoufanya mchezo huo uingie kwenye vitabu vya utafiti ni Dodoma. Kwa miaka miwili, 1993 mpaka 1995, mchezo ulirushwa nchini isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma, ambako saa ile ile walisikia vipindi vya kwao. Watafiti wakalinganisha. Sehemu zilizousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na watu walisema wamepunguza idadi ya wapenzi. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa mchezo, na mabadiliko ya aina hiyo yakaonekana kwao pia.

Kama mwanafunzi wa sayansi lazima niweke udhaifu wake mezani. Dodoma haikuchaguliwa kwa bahati nasibu, ni eneo moja tu, na mengi ya majibu ni watu kujieleza wenyewe kwa mhoji, na kwa mambo ya mapenzi binadamu hupendezesha. Lakini jambo kutokea sehemu moja, likakosekana nyingine, halafu likatokea pale ulipoondoa kizuizi, si la kupuuzwa. Ni ushahidi ambao matangazo mengi ya afya hayajawahi kuwa nao.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini mchezo ule ulitungwa makusudi kufundisha. Hizi za kwetu za saa tatu hazifundishi kitu, zinauza sabuni. Hoja nzuri. Basi twende Brazil. Kule kituo cha Rede Globo kilirusha tamthilia zisizo na ajenda yoyote ya uzazi. Ila kwa sababu za kiutunzi tu, watoto wanasumbua hadithi, wahusika wakuu wa kike walikuwa na familia ndogo mno. La Ferrara, Chong na Duryea walizichambua tamthilia za kati ya 1965 na 1999: asilimia 72 ya wahusika wakuu wa kike wenye umri usiozidi miaka 50 hawakuwa na mtoto, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Halafu wakaangalia sensa. Maeneo yaliyofikiwa na mawimbi ya Globo, wanawake walizaa watoto wachache zaidi kuliko kabla hayajafikiwa. Na wazazi wa maeneo hayo walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya wahusika. Kazi hiyo ilichapishwa 2012. Hakuna aliyewaambia wazae wachache. Waliona tu, usiku baada ya usiku, maisha yanayotamanika yakiwa hivyo.

Peru nao wana yao. Tamthilia ya Simplemente María, iliyoanza 1969, ilimwonyesha mfanyakazi wa ndani aliyejifunza kushona na kusonga mbele kimaisha. Wanawake wakafurika kwenye cherehani.

Kwa hiyo hatuwezi kula huku na huku. Hatuwezi kusifia Twende na Wakati kwamba iliokoa watu kwa kuwafundisha, halafu tamthilia ikikosea tuseme "ah, ni burudani tu". Chombo ni kile kile. Kama kinabeba ukweli, kinabeba na uongo, na chenyewe hakichagui.

Nakubali kwamba watazamaji si wajinga. Daktari wa ubongo Eelco Wijdicks na mwenzake walichunguza filamu 30 za kati ya 1970 na 2004 zenye mgonjwa aliyezimia kwa muda mrefu, wakaona 2 tu ndizo zilizoonyesha hali hiyo inavyostahili. Katika nyingi ya zilizobaki wagonjwa walikuwa wanapendeza kama wamelala mchana, na wanaamka ghafla akili zote zikiwa timamu. Wakawaonyesha watu 72 wasio wataalamu vipande vya filamu hizo. Asilimia 39 walisema huenda wangetumia walichokiona kufanya uamuzi kuhusu ndugu yao. Maana yake walio wengi walikataa. Sawa. Lakini waweke hao asilimia 39 kwenye korido ya hospitali saa nane usiku, wakiulizwa kama mashine iendelee au izimwe.

Kuna kitu kingine. Kwenye mapenzi, ndoa na mawifi, tamthilia inatukuta tuna uzoefu wetu. Mtunzi akikosea tunacheka, tunasema "haiwezekani". Kuhusu moyo unavyosimama hatuna uzoefu. Wengi tutaona jambo hilo mara moja maishani, kwa mtu tunayempenda. Mahali ambapo maisha hayajatufundisha chochote, skrini inabaki kuwa mwalimu peke yake.

Presha haiji kwa simu

Mpaka hapa nimewalaumu watunzi kwa dakika tano za shoti. Lakini kadiri nilivyofikiria kifo cha baba mdogo, ndivyo nilivyoona kosa kubwa zaidi liko kwenye tukio jingine kabisa, la kwetu wenyewe, ambalo kwenye filamu za Kibongo na za Kinigeria halikosekani.

Mzee anapigiwa simu. Mtoto amekamatwa, au biashara imeungua, au mke amekimbia. Simu inadondoka. Mzee anashika kifua, macho yanamtoka, anaanguka. Ndugu wanasema: "Presha imempanda!"

Ukiliona tukio hilo mara mia unabaki na somo moja: presha ni ugonjwa wa mawazo, unakuja ghafla, na ukija utaujua. Na somo hilo lina mkia wake: kama huna mawazo na hujisikii vibaya, huna presha.

Baba mdogo aliambiwa ana presha miaka kumi na moja kabla hajafa. Akapewa dawa. Akameza miezi michache, akaona yuko vizuri, akaacha. Tukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Presha yangu iko sawa. Mimi sina mawazo." Alisema hivyo akicheka, miguu juu ya meza, akisubiri tamthilia ambayo ni upuuzi.

Presha ya kupanda ni ugonjwa wa kimya. Vipimo vikikaa 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, unayo, na kwa kawaida hutasikia chochote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo. Msongo na habari mbaya hupandisha vipimo kwa muda, hilo ni kweli, lakini kinachomaliza mishipa, figo na moyo ni miaka ya shinikizo la kila siku, siku za furaha zikiwemo. Daktari wa baba mdogo alitueleza wazi kwamba figo na moyo vilikuwa vimeshachoka siku nyingi.

Kwa hiyo familia nzima tulikuwa tunagombania dakika thelathini za mwisho, na hakuna aliyegusa miaka kumi na moja. Mimi nikiwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma mishipa ya damu mchana, na usiku nakaa pembeni ya mtu aliyeacha dawa zake, tunaangalia mzee mwingine akianguka na simu mkononi. Sikusema kitu. Nadhani na mimi, kwa namna fulani, nilikuwa nasubiri dalili.

Huu ndio uharibifu ambao hakuna aliyeuhesabu. Tamthilia imetufundisha kuangalia mahali pasipohusika. Kifo kwenye skrini kina sababu ya dakika hiyo hiyo: simu, sumu, mchawi, daktari mzembe. Kuna wa kumlaumu na kuna wa kumfuata na pikipiki. Ugonjwa wa miaka kumi hauigiziki kirahisi. Hauna adui.

Ninachoomba

Sitaki tamthilia ziwe semina. Semina ninazo za kutosha, na ukiweka daktari kwenye skrini akihubiri dakika nne, mama mdogo atabadilisha chaneli na mimi nitamuunga mkono. Siri ya Mtungi, iliyoigiziwa Bagamoyo, ilionyesha kwamba unaweza kubeba ujumbe wa afya na bado watu wakataka kujua kesho kutatokea nini. Wakenya wamefanya hivyo na Makutano Junction. Uwezo upo.

Ninachoomba ni vitu vidogo ambavyo havina hata gharama ya ziada. Mgonjwa akisimama moyo, tuonyeshwe mtu anayekandamiza kifua kwa nguvu, mikono imenyooka, anapokezana na mwenzake. Vile vyuma viachwe kwa ajili ya yule mtoto wa kalamu. Mara moja moja, mgonjwa asirudi, na tumwone daktari akitoka nje kuongea na familia, kwa sababu hilo ndilo tukio ambalo wengi wetu tutalipitia na hatujui hata mtu anakaa vipi. Mzee wa presha awe yule anayecheka, si yule wa simu. Mkewe amuulize dawa, yeye aseme hana mawazo. Mtunzi mzuri akipewa hapo, ana sehemu thelathini.

Na sisi watazamaji, hasa sisi tunaosoma haya mambo, tuache kukaa kimya kwenye kochi kwa kuogopa kuharibu utamu. Sentensi moja inatosha. "Hapo wangemkandamiza kifua, siyo shoti." Basi, endeleeni kuangalia.

Mama mdogo nilimweleza hatimaye, miezi minne baada ya msiba, kwa kutumia ngoma kama nilivyowaeleza nyie. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo yule binti alikuwa anamsukuma kweli?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa anamsukuma kweli. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema angependa siku moja amsalimie.

Yeye mwenyewe tulimpima wiki ile. Alikutwa nayo. Dawa anazisahau asubuhi kwa sababu ya pilikapilika, kwa hiyo tulimuuliza daktari, akakubali azimeze usiku. Sasa kidonge kinakaa juu ya meza, pembeni ya rimoti. Saa tatu, ule muziki wa kuanza ukipigwa, anameza, anashushia maji, anasema "kimya sasa". Hajaruka hata siku moja.